Kungwi na Mwalimu: Kinga ya Mtoto katika Pwani ya Kilwa

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi, akisha kuvuka mto Rufiji kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2003, huendelea kusini hata afike Somanga. Hapo mabasi husimama, na wauza samaki wa kukaanga huinua sinia zao mpaka madirishani. Upande wa mashariki ni bahari na mikoko. Upande wa magharibi, nyuma ya vijiji, vyaanza vilima vya Umatumbi. Wajerumani waliliandika jina lake Samanga. Bomba la gesi asilia itokayo kisiwa cha Songo Songo huibuka nchi kavu katika pwani hiyo, na tangu mwaka 2004 gesi hiyo imekuwa ikipelekwa Dar es Salaam. Ni mahali padogo, lakini historia imepapitia mara nyingi, na aghalabu ilipopita haikuwaacha wanawake na watoto salama.

Tumechagua kuanzia hapa kwa sababu suala la kuwakinga watoto na ubakaji kwa njia ya elimu ya shule huzungumzwa kana kwamba ni jambo geni, lililoletwa na wafadhili pamoja na semina zao. Wapo wazee wanaolikataa kwa hoja hiyo, na wapo walimu vijana wanaolipokea kwa hoja hiyohiyo. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea. Pwani hii ilikuwa na shule yake ya mambo ya mwili kabla haijajua ubao na chaki. Shule hiyo ilifundisha mengi, ikaacha somo moja. Na shule ya serikali iliyokuja kuchukua nafasi yake nayo ililiacha somo lilelile. Tutajaribu kulitafuta.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi nchi hii ilivyokuwa. Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kusafirishia watumwa katika pwani yote ya bara. Misafara ilishuka kutoka nchi za Wayao na pande za Ziwa Nyasa, na sehemu kubwa ya mateka wake walikuwa wanawake na watoto. Katika maelfu hao ni wachache mno walioacha habari zao. Mmojawapo ni Swema, mtoto wa Kiyao, ambaye katika miaka ya 1860 alifikishwa pwani ya Kilwa na kutoka hapo akapakiwa chomboni kwenda Unguja. Alikuwa amedhoofika hata wakamdhania amekufa, wakamzika katika kaburi fupi. Aliokolewa, akapelekwa kwa watawa wa misheni ya Kikatoliki, na padri mmoja Mfaransa akayaandika masimulizi yake; mwanahistoria Edward Alpers aliyachambua upya mwaka 1983. Habari hizo zimetufikia kwa kalamu ya mwanamume mgeni, na mwanafunzi wa historia yampasa alikumbuke jambo hilo kila azisomapo. Hata hivyo moja ni dhahiri: mtoto wa kike aliyekwisha kutengwa na ukoo wake hakuwa na mtu wa kumwambia lolote.

Mtumwa wa kike alihesabiwa kuwa ni halali ya bwana wake. Suria hakuulizwa. Amri ya Sultani wa Unguja ya mwaka 1897 ilipoiondoa hadhi ya utumwa katika sheria, masuria waliwekwa kando, nao hawakuingizwa katika uhuru huo mpaka mwaka 1909. Miaka 12! Mpagazi, baharia na mkulima wa mikarafuu walionwa na sheria mapema. Mwili uliofungiwa ndani ya nyumba ulionwa mwisho. Huku Tanganyika sheria ya kukomesha utumwa ilipitishwa mwaka 1922.

Kati ya miaka hiyo vilikuja Vita vya Majimaji. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba ya serikali, na vita vikashuka hata Samanga, ambako maduka ya wafanyabiashara yalichomwa. Vitabu vyetu vya shule hutaja kodi, pamba na viboko kuwa ndiyo sababu, navyo vyasema kweli. Lakini katika masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanahistoria wetu yametajwa pia mateso waliyotendewa wanawake na maaskari na wasimamizi wa kazi. Jambo hilo darasani hupewa mstari mmoja, kisha mwalimu hugeuza ukurasa. Sisi wenyewe tulifundishwa hivyo, na hapana mwanafunzi aliyeinua mkono kuuliza.

Sasa tuitazame shule ya wenyeji. Jando na unyago wa Mrima vimeelezwa kwa Kiswahili na mwenyeji, Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903. Kusini ya Rufiji, kwa Wamatumbi, Wangindo, Wamachinga na Wamwera, mambo hutofautiana kwa majina ya ngoma na kwa taratibu, lakini msingi ni mmoja. Msichana akivunja ungo huitwa mwari. Huwekwa ndani, hukabidhiwa kungwi, naye hufundishwa usafi, habari za hedhi, adabu kwa wakubwa, na mambo ya unyumba. Mafunzo huja kwa mafumbo na nyimbo, na tafsiri ya fumbo hupewa aliye ndani tu. Siku ya kumtoa mwari huwa ni siku ya kijiji kizima.

Twapenda mwalimu ayapime mafunzo haya kwa haki. Ndani yake mlikuwa na hekima ambayo shule zetu hazijaifikia bado. Kwanza, mtoto alipewa mtu. Kungwi, au somo kama waitwavyo kwingineko, hakuwa mwalimu wa muhula. Alikuwa mlezi wa maisha, na mwanawe wa unyago aliweza kumwendea usiku akiwa na neno ambalo asingeweza kumwambia mama yake mzazi. Pili, mambo ya mwili yalikuwa na lugha yake, lugha ya fumbo, lakini lugha. Tatu, sanaa ndiyo iliyokuwa njia ya kufundishia. Waliopata kumsikia Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, wanajua kwamba ngoma ya unyago haikuwa mchezo wa kupoteza wakati. Wanahistoria wanaeleza kwamba nyingi ya ngoma hizo zilifika Unguja na Mombasa pamoja na wanawake wa bara waliouzwa, na wengi wa wanawake hao walipitia Kilwa hii tunayoizungumza. Waliotendwa ndio waliobeba elimu. Huenda ndiyo sababu nyimbo zao zina ucheshi mkali namna ile.

Lakini kuna somo ambalo kungwi hakulifundisha. Mwari alifundishwa kumpendeza mume, kutunza nyumba, kuficha siri, kuvumilia. Kukataa hakufundishwa. Wala hakuambiwa afanye nini iwapo atakayemwendea si mume bali ni mjomba, jirani au mwalimu wa chuo. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama wa Pate kwa ajili ya binti yake, ni unyago ulioandikwa kwa wino, nao una upungufu huohuo: utii umeelezwa kwa urefu na kwa uzuri, lakini mipaka ya utii haikuelezwa. Na kuna baya zaidi. Mwari akisha kutolewa, hata akiwa na miaka 12 au 13, macho ya wanaume yalimsoma kuwa amekwisha kuiva. Ngoma iliyokusudiwa kumlinda ikawa ni tangazo. Viongozi wa mikoa ya Lindi na Mtwara wamekuwa wakihimiza kwamba sherehe hizi zifanywe wakati wa likizo ili mtoto asikose masomo. Ni vyema, lakini kuihamisha tarehe si kuyagusa mafunzo yenyewe.

Kwa upande wa wavulana, jando lilifundisha ujasiri, heshima na kustahimili maumivu. Askofu Vincent Lucas wa misheni ya Waanglikana huko Masasi alipoona kwamba haliwezi kuondolewa, aliamua kulitia ndani ya kanisa, na jando la Kikristo likawa jambo la kawaida katika jimbo lake. Mafunzo ya wasichana yalikawia zaidi kupata mahali. Twataja habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba mila zetu zimewahi kurekebishwa na watu waliozijua, nazo hazikufa. Asemaye kwamba unyago ama uachwe kama ulivyo ama ufutwe, huyo hajaisoma historia ya kusini.

Shule ya serikali ilikuwepo Kilwa tangu enzi za Wajerumani, lakini kwa miaka mingi ilikuwa shule ya wavulana wachache wa kutengenezwa kuwa makarani na maakida. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, na elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1977. Mtoto wa kike wa mvuvi na mtoto wa kiume wa mkulima wakaketi dawati moja. Hapana shaka kwamba hilo ni tendo kubwa katika historia ya taifa letu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi ampeleke mtoto shule. Hapo ndipo kungwi alipopunguziwa muda: miezi ya kukaa ndani ikawa wiki, wiki ikawa siku chache za Desemba. Nyumbani wakasema, sasa mtoto ni wa shule, mwalimu atamfundisha. Shuleni wakasema, mambo hayo ni ya nyumbani. Mtoto akaangukia katikati.

Tena shule yenyewe haikuwa mahali pa salama nyakati zote. Kazi za kujitegemea zilikuwa na heshima yake, nasi tuliolima mashamba ya shule hatujutii. Lakini mtoto wa kike kutumwa peke yake kupeleka maji au kuni nyumbani kwa mwalimu aishiye peke yake hakukuwa kujitegemea. Kila mzazi alilijua hilo. Baadaye, tangu katikati ya miaka ya 2000, zilipojengwa shule za sekondari za kata, elimu ilisogea karibu lakini haikufika mlangoni. Wako wasichana wengi nchini ambao ama hutembea kilomita nyingi alfajiri kabla ya jua, ama hupanga chumba karibu na shule, wakajipikia na kujilinda wenyewe wakiwa na miaka 14. Barabara ya lami ni neema. Kabla yake, katika kipande cha Ndundu hadi Somanga, mabasi yalikuwa yakikwama katika tope hata abiria wakalala njiani. Lakini barabara njema huleta pia madereva wengi, na pikipiki ya kumpa mtoto lifti.

Hapa yatubidi tukiri jambo letu wenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya utumishi wetu tuliketi katika ofisi moja ya serikali, ambayo hatutaitaja. Siku moja alikuja baba pamoja na binti yake wa darasa la sita. Baba ndiye aliyesema. Binti alisimama akiutazama mlango. Mtu aliyemtenda alikuwa jirani mwenye chombo cha uvuvi, na mama wa mtoto alikuwa akimuuzia samaki. Kabla ya saa sita wazee walikwisha kuitana nje chini ya mwembe. Yakatolewa maneno, zikatolewa fedha na doti ya kanga, na baba akarudi kutuambia kwamba wamekubaliana. Daftari la mashauri lilikuwa mbele yetu. Sisi, ambao tayari tulikuwa tumetunga mashairi na kuyasoma mbele ya watu, tulitafuta maneno ya kuandika. Tukaandika: "Ugomvi wa kifamilia. Umekwisha." Daftari lilikuwa la serikali, lakini mwandiko ulikuwa wetu.

Tangu siku hiyo tumeyachunguza maneno. Kiswahili ni lugha pana, lakini katika jambo hili kina desturi ya kumficha mtenda. Twasema msichana "ameharibiwa", "amechezewa", "amepewa mimba". Kila mwanafunzi wa sarufi aijua kauli ya kutendwa: humweka mbele aliyetendwa, na mtenda aweza kuachwa asitajwe kabisa, wala sentensi isipungukiwe. Katika mazungumzo ya mtaani mambo huwa mabaya zaidi, kwani mimba "hupatwa" kama homa, na mtoto husemwa "amejiharibia". Kunajisi ni neno litokanalo na najisi, yaani uchafu. Basi aliyetendewa uovu ndiye abakiye na jina la uchafu, na mtenda huoga akaenda zake. Kubaka ni neno kali zaidi na la kweli zaidi, kwa maana lina nguvu na kukamata ndani yake, lakini watu huona haya kulitamka mbele ya wakwe. Mtoto naye husema tu, "alinifanyia tabia mbaya."

Msomaji asidhani kwamba tunacheza na maneno kama ilivyo mazoea ya washairi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kwa kosa la kubaka kifungo kisichopungua miaka 30. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba katika makosa haya ushahidi ulio bora ni wa yule aliyetendewa. Ni kanuni njema, kwa sababu uovu huu hautendwi mbele ya mashahidi. Lakini mahakama hiyohiyo imewahi kusema kwamba haitoshi shahidi kudai kwa jumla kuwa alibakwa. Yapaswa aeleze kilichotendwa. Katika rufani nyingine majaji wamekubali kwamba mila zetu humfanya shahidi ayafunike maneno, na kwamba neno lililofunikwa laweza kufahamika. Mwaka 2016 sheria ya ushahidi ilirekebishwa ili mtoto wa umri mdogo aweze kutoa ushahidi kwa kuahidi kusema kweli. Basi hakimu yuko tayari kusikia, sheria imempa mtoto kiti; lakini mtoto aliyefundishwa majina ya viungo vyote vya mende, asifundishwe majina ya viungo vyake mwenyewe, atakwenda kusema nini pale kizimbani?

Somo lililoachwa na kungwi, na kuachwa tena na mwalimu, ndilo hili: jinsi ya kutamka, na kumtaja mtenda.

Historia ya kulifundisha somo hilo shuleni ina tarehe zake, na twaona fahari kwamba baadhi ya tarehe hizo ni zetu. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na kundi la siri la wanafunzi wa kiume lililojiita Punch. Nchi ilishtuka. Kama yalitokea hayo kwa wasomi wetu wakubwa, ilikuwa vipi kwa mtoto wa sekondari ya mbali? Chama cha Wanahabari Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililishika jambo hilo na kuliandika bila kuchoka, na juhudi zake zimo miongoni mwa zile zilizozaa sheria ya mwaka 1998.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1996, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu hichohicho, wakiongozwa na Profesa Penina Mlama, walianzisha mpango ulioitwa Tuseme. Wapenzi wa fasihi wanamfahamu zaidi kwa jina la Penina Muhando, mwandishi wa Hatia na Nguzo Mama. Njia yake ilikuwa hivi. Wasichana wa shule hawakuletewa mhadhiri wa kuwaonya. Waliketi wenyewe kwa wenyewe, wakaeleza yanayowazuia kusoma: mwalimu amwitaye msichana nyumbani kwake, wavulana wazomeao kila msichana ajibuye swali, wanaume wa njiani, wazazi watakao mahari. Wakayachambua, wakauliza kwa nini yako hivyo. Kisha wakayatungia mchezo, wakitumia ngoma, nyimbo na masimulizi ya kwao, wakauonyesha mbele ya shule nzima pamoja na wazazi. Na wakati wa onyesho, mwalimu mkuu ameketi mstari wa mbele! Baada ya mchezo palikuwa na majadiliano, na baada ya majadiliano hatua za kuchukuliwa. Taasisi ya FAWE, inayoshughulikia elimu ya wasichana barani Afrika, iliipokea njia hii na kuipeleka katika nchi nyingine nyingi za bara letu. Tumezoea kusikia kwamba mipango ya elimu hutoka ng'ambo ikaja kwetu; huu ulitoka kwetu ukaenda.

Ukiutazama mpango wa Tuseme kwa jicho la mtu wa pwani, utaona kwamba ni unyago uliogeuzwa. Ngoma ipo, kikundi cha rika kipo, mlezi yupo. Lililobadilika ni mambo mawili: siri imeondolewa, na mwari ndiye atungaye wimbo. Mwenye cheo ndiye aketiye kusikiliza. Twasikitika kidogo kwamba sisi washairi hatukutangulia. Waliotufundisha walitunga ngonjera za kilimo cha kisasa, za kisomo cha watu wazima na za vijiji vya ujamaa, na nyingi zilikuwa nzuri. Lakini tungo tulizozisikia juu ya msichana wa shule zilikuwa za kumwonya yeye ajitunze, asidanganyike kwa chipsi. Aliyenunua chipsi hakutungiwa beti hata moja.

Juu ya wavulana tutasema machache, ingawa yastahili makala yao. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Tanzania Bara, karibu wasichana 3 katika kila 10 walieleza kwamba walitendewa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Na mvulana 1 katika kila 7. Unguja na Pemba, wavulana waliosema hivyo walikuwa wengi kuliko wasichana. Karibu nusu ya wasichana waliotendewa hawakuwa wamemwambia mtu yeyote, na wavulana walinyamaza zaidi. Si ajabu. Jando limemwambia mvulana asilie. Na lugha, ambayo kwa msichana ina maneno ya kuficha, kwake haina ila tusi. Tena yumo mvulana anayeelekea kuwa mtenda. Sheria ya mwaka 1998 iliagiza kwamba kijana wa kiume asiyezidi miaka 18 akipatikana na kosa hili kwa mara ya kwanza apewe adhabu ya viboko tu. Wengine waliiona huruma ya kupita kiasi. Sisi twaona kwamba kwa kijana huyo sheria ilikiri mwisho wa uwezo wake: miaka 30 ya gereza imewekwa kwa ajili ya mtu mzima, na kijana yu mikononi mwa mwalimu. Naye hafundishwi kwa kutishwa. Hufundishwa kwamba msichana anyamazaye hajakubali, na kwamba acheaye kwa hofu hajacheka.

Shule nayo ilichelewa kumtofautisha aliyekosa na aliyekosewa. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo, hata ikiwa imetokana na kubakwa. Unguja waliwafungulia mlango mapema zaidi. Bara mlango ulifunguliwa Novemba 2021, pale Waziri wa Elimu alipotangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, warudi darasani. Kwa upande wa ndoa, sheria ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba hilo lapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na kumwoa mwanafunzi au kumtia mimba kukawa kosa la kifungo cha miaka 30. Zingatia kauli ya sheria: kumtia mimba. Hapo mtenda ametajwa.

Mtaala uliotolewa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Twamshauri mwalimu wa somo hilo, awe Somanga au kwingineko, asiyatenganishe mambo haya mawili yaliyounganishwa katika jina. Akifundisha Kilwa Kivinje, aulize masuria walikuwa kina nani na kwa nini walingojea hata 1909. Akifundisha Majimaji, asigeuze ukurasa upesi. Na akiwa pia ni mwalimu wa Kiswahili, kama ilivyo katika shule nyingi zenye upungufu wa walimu, atenge kipindi kimoja. Awaagize wanafunzi wayakusanye maneno ambayo hutumika kwao kwa habari ya mtoto aliyetendewa uovu, wayaandike ubaoni, kisha waulize kwa kila neno: mtenda yuko wapi? Wataona safu ndefu ambamo hayumo. Ndipo awape kazi ya kuzigeuza sentensi hizo ziwe katika kauli ya kutenda, zenye jina la mtu, kitendo, mahali na siku.

Kipindi hicho kikiisha, yafaa mwalimu awe tayari, kwa sababu mara nyingi yuko atakayebaki nyuma wenzake wakitoka. Asimhoji kama polisi, wala asimwahidi kuficha. Amwambie kwamba amefanya vyema kusema. Asimwite mzazi kabla ya kujua kama mzazi huyo siye anayetajwa. Aliyebakwa afikishwe hospitali upesi, kwani dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na asioge wala nguo zisifuliwe kabla ya uchunguzi. Polisi wana dawati la jinsia na watoto, na hutoa fomu ya PF3. Simu ya watoto ni namba 116, haitozwi. Na mwalimu ayaandike aliyoyasikia siku hiyohiyo, kwa maneno ya mtoto mwenyewe kama alivyoyatamka, bila kuyapamba na bila kuyafunika.